Askofu Gitari niliyemwona kutoka benchi la nyuma

Vijana wakisikia kwamba nilikuwa muumini katika dayosisi ya Kianglikana ya Askofu David Gitari, swali lao la kwanza huwa ni Rais Moi. Wanataka habari za mlolongo, ule uchaguzi wa kupanga foleni, za majambazi waliovamia nyumba ya askofu usiku, za polisi waliowapiga watu ndani ya kathedrali. Nitayafikia hayo. Lakini mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi Kirinyaga na mzee wa kanisa, na askofu niliyemfahamu kwanza ni yule wa kipaimara, wa mambo ya vyoo na maji safi, wa kesi za ndoa. Askofu wa magazetini alizaliwa na huyu, na sidhani angesimama siku moja bila yeye.

Sikuwa mtu wake wa karibu. Kazi yangu Jumapili ilikuwa kukaa benchi la nyuma, kuangalia kapu la sadaka na kuwaonyesha wageni mahali pa kukaa. Nyuma huko mtu huona mengi.

Gitari alikuwa wa kwetu kabisa. Alizaliwa Ngiriambu tarehe 16 Septemba 1937, mtoto wa mwinjilisti Samuel Mukuba. Alisoma Kangaru, Embu, akaenda Nairobi chuo kikuu, kisha Bristol nchini Uingereza kusomea theolojia. Alifanya kazi na wanafunzi Wakristo, akawa katibu mkuu wa Chama cha Biblia cha Kenya. Ukitazama safari hiyo utaona kwamba hakuzeekea katika parokia moja moja akisubiri zamu yake. Mwaka 1975, dayosisi ya Mount Kenya ilipogawanywa, akawekwa wakfu kuwa askofu wa kwanza wa Mount Kenya East, na miaka yake 37. Baadhi ya wazee wetu waliguna. Walizoea askofu mwenye mvi.

Walioguna walikuwa wamesahau redio. Machi mwaka huohuo mwili wa mbunge J. M. Kariuki ulipatikana Ngong, na nchi nzima ikawa inazungumza kwa kunong'ona. Gitari ndiye aliyekuwa akitoa mahubiri mafupi ya asubuhi katika Sauti ya Kenya, na akachukua mada ya utakatifu wa uhai wa binadamu, damu ya Habili inayolia kutoka ardhini. Nakumbuka baba yangu akiongeza sauti ya redio, kisha akaipunguza, akaenda kuchungulia mlangoni, akarudi kuiongeza tena. Hakutaja jina la mtu yeyote baba, wala sisi watoto hatukuuliza. Chai ilipoa mezani.

Dayosisi aliyopewa ilikuwa kubwa mno. Ilianzia kwenye chai na kahawa ya miteremko ya Mlima Kenya na mpunga wa Mwea, ikapita Embu na Meru, ikateremka Isiolo, ikaenda Marsabit hadi mpaka wa Ethiopia. Huku kwetu mtu alihesabu kanisa kwa vilima. Kule kaskazini mwinjilisti aliwafuata watu na ngamia wao. Askofu akaizunguka. Kwa watu wa parokia, ziara ya askofu maana yake hasa ni kipaimara, na kipaimara maana yake ni mimi na daftari: majina ya watoto, kadi za ubatizo, nani kasoma katekisimu na nani kaletwa na nyanya yake kwa nguvu. Watoto wanapigwa pasi mashati meupe, akina mama wa Mothers' Union, umoja wao wa kanisani, wanachagua kuku tangu Jumatano, kasisi hali wala halali.

Na siku yenyewe, kabla ya kuwekea watoto mikono, anahubiri.

Mahubiri yake yalikuwa na mwendo mmoja. Alichukua sura moja ya Biblia akaipitia mstari kwa mstari, kama mwalimu anayesahihisha hesabu ubaoni, bila haraka. Mfalme alikuwa nani, walitaka nini, sheria iliandikwaje, nani alinufaika. Mpaka unaanza kusinzia. Halafu, karibu na mwisho, unagundua kwamba barabara mliyokuwa mkiifuata tangu Babeli imetokea mbele ya ofisi ya chifu. Danieli sura ya 6, wale wakuu waliomtungia mfalme sheria ya kumnasa mtu mmoja. Ezekieli 34, wachungaji wanaojilisha wenyewe badala ya kondoo. Shamba la Nabothi, alilotamani mfalme Ahabu hadi mtu akauawa, lililohubiriwa katika nchi ambayo kila mwenye macho alijua ardhi za umma zinakwenda wapi.

Miaka ya themanini wageni wangu wa benchi la nyuma walianza kubadilika. Walikuja wanaume wawili au mmoja, viatu vimeng'arishwa kupita kiasi kwa vumbi la kwetu, daftari dogo mfukoni. Kila mtu alijua ni Special Branch, polisi wa siri wa serikali. Jumapili moja aliyekaa kando yangu alihangaika, akaniinamia akauliza kwa upole, "Mwalimu, hiyo Ezekieli iko upande gani?" Nikamfungulia Biblia yangu, nikamwekea kidole kwenye sura. Akanakili mistari kwa mwandiko safi, mmoja baada ya mwingine, na nikafikiria bosi wake Jumatatu asubuhi akisoma taarifa yenye maneno ya nabii tu. Mshtakiwa wa kwanza angekuwa Ezekieli.

Hapo ndipo nilipoanza kujifunza, na nilijifunza kama mwalimu. Gitari hakuwa mpiga kelele. Wapo wahubiri waliokuwa na maneno makali kuliko yake na leo hakuna anayekumbuka walichosema. Yeye alisimama juu ya kitu kilichoandikwa, ambacho msikilizaji angeweza kwenda nyumbani kukisoma mwenyewe. Tangu wakati huo sijaingia kwenye ugomvi wa kamati ya shule au ya mradi wa maji bila kuwa na karatasi mkononi: kumbukumbu za kikao, risiti, barua ya wizara. Wenye hasira hutulia wakiona karatasi. Wenye kuficha jambo hukasirika zaidi, na hiyo nayo ni habari.

Sasa nije kwenye ndoa, maana hapa ndipo niliona askofu wa kweli, na magazeti hayakuwa na habari.

Parokiani kwetu kulikuwa na mzee mmoja mwenye wake wawili. Alikuja kanisani miaka nenda miaka rudi. Alichanga, alijenga, alibeba mawe ya msingi, lakini hakubatizwa, kwa sababu utaratibu wa zamani ulikuwa mume amwache mke wa pili kwanza. Amwache aende wapi? Mama yule alikuwa na watoto na shamba, na ndugu zake walikwisha kugawana kwao. Wamisionari waliotunga utaratibu ule walikuwa na nia njema, bila shaka, lakini hesabu yao ilimwacha mwanamke nje na watoto wake, na kanisa likaimba tenzi.

Gitari alilishughulikia jambo hili kwa miaka, kwa maandishi na kwa hoja, na dayosisi yake ikaanza kuwapokea watu kama mzee wetu. Suala likafika mkutano wa maaskofu wa Kianglikana wa ulimwengu, Lambeth, mwaka 1988, na azimio la 26 likakubali: ndoa ya mume mmoja na mke mmoja ndiyo kipimo, ila mwenye wake wengi akiamini anaweza kubatizwa na kupewa kipaimara pamoja na wake na watoto wanaoamini, mradi aahidi kutooa tena maadamu yeyote wa wake zake yu hai, asilazimishwe kuwaacha kwa sababu ya shida itakayowapata, na jamii ya kanisa la mahali iridhie.

Hilo la jamii kuridhia ndilo lililotutoa jasho. Akina mama waliokuwa wameolewa peke yao, na waliowahi kupigana na waume zao ili wabaki peke yao, waliona wanasalitiwa. Hawakuwa wajinga. Mmoja alisema kikaoni kwamba sasa mume wake ataoa Ijumaa na kubatizwa Jumapili. Ilibidi turudie masharti yale tena na tena, na ilibidi yule mke wa kwanza mwenyewe asimame aongee, akasema amechoka kuingia kanisani huku mwenzake akibaki kwenye uzio na kikapu chake. Walibatizwa. Wake wale wawili walisimama bega kwa bega, na yule mdogo akawa ameshika kofia ya mzee. Sijawahi kuona kofia ikishikwa kwa uangalifu vile.

Ningeandika sana pia kuhusu kazi ya afya na maendeleo ya dayosisi, lakini wengi wameifanya tangu hapo na imekuwa jambo la kawaida. Niseme tu kwamba wakati ule ilishangaza. Wahudumu wa afya wa vijijini, watu wa hapahapa waliofunzwa, walipita nyumba kwa nyumba wakiuliza choo, maji ya kuchemsha, chanjo, na uzazi wa mpango. Kanisa linauliza uzazi wa mpango! Kuna mzee aliyehama akaenda dhehebu jingine kwa hilo. Watoto wake walibaki.

Basi, mlolongo. Agosti 1986 KANU, chama pekee cha siasa wakati ule, walikuwa wameleta utaratibu wa kupanga foleni nyuma ya mgombea au picha yake badala ya kura ya siri, na wachungaji wa Baraza la Makanisa wakaupinga mapema, wakisema mchungaji hawezi kusimama hadharani nyuma ya mtu mmoja halafu kesho awahubirie waliosimama nyuma ya mwingine. Gitari aliendelea na hoja hiyo mimbarini, na mahubiri yale ya Danieli aliyatoa mwaka 1987. Wanasiasa walimrukia kila mmoja kwa zamu yake.

Februari 1988 uwanja wa shule niliyofundisha ukawa kituo cha mchujo wa wagombea wa KANU. Nilisimama pale na kadi ya KANU mfukoni kama kila mtu. Foleni moja ilizunguka goli ikarudi karibu na choo cha wavulana. Nyingine ilikuwa ya watu ambao ningeweza kuwasalimu mmoja mmoja kwa jina bila kuishiwa pumzi. Hesabu zilipotangazwa, fupi ilikuwa ndefu. Watu hawakupiga kelele. Walicheka, kicheko cha aibu, kisha wakatawanyika.

Nataka vijana waelewe kilichofanya mlolongo uwe mbaya, kwa sababu wengi wanadhani ni kule kuonekana tu. Kuonekana kulikuwa kubaya kwa kibarua aliyepangwa mbele ya tajiri wake. Lakini ubaya mwingine ni kwamba foleni ikishatawanyika, ushahidi umekwenda nyumbani kupika. Hakuna sanduku, hakuna karatasi ya kuhesabu upya, hakuna cha kupeleka mahakamani. Na aliyehesabiwa asilimia 70 au zaidi alipita bila kupingwa, hivyo hata kura ya siri ya uchaguzi mkuu wa Machi haikumgusa. Jioni ile nilielewa kwa nini mtu wa maandishi kama Gitari aliuchukia utaratibu ule hasa.

Mwaka uliofuata, Aprili 1989, usiku, genge likavamia nyumba yake Kirinyaga. Likavunja, likaingia. Yeye akapanda juu ya paa na kupiga nduru kuomba msaada. Majirani wakaamka, wakaja, wale watu wakakimbia.

Kwetu nduru ya usiku ina sheria yake. Ukiisikia unatoka na ulichoshika, huulizi kwanza ni ya nani. Lakini tusidanganyane: ipo nduru inayotoa watu mbio na ipo inayowafanya watafute viatu taratibu. Nimeona zote mbili katika maisha yangu. Ile ya Aprili 1989 iliwatoa watu. Mtu akiniuliza askofu huyu alikuwa na ulinzi gani, namwambia ulinzi wake ulikuwa kipaimara, dawa za minyoo na miaka ya kuketi kwenye viti vya mbao vya wenyeji.

Mwenzake wa Eldoret hakupata majirani. Askofu Alexander Muge alionywa hadharani na waziri mmoja kwamba akikanyaga Busia huenda asitoke hai. Alikwenda. Tarehe 14 Agosti 1990, akirudi, akafa katika ajali ya barabarani. Parokiani kwetu tulisikia kwenye redio, na kwa wiki kadhaa baada ya hapo kila gari la askofu wetu lilipochelewa tulikaa tukiangalia barabara. Desemba ile KANU wakaufuta mlolongo. Desemba iliyofuata kifungu cha 2A cha katiba, kilichoruhusu KANU peke yake, kikaondolewa, vyama vingi vikarudi.

Jambo moja la miaka hiyo halitajwi sana, nami nalipenda kuliko yote. Gitari aliongoza kazi ya kutunga ibada mpya ya Ushirika Mtakatifu ya Kenya, iliyotoka 1989, badala ya kuendelea na Kiingereza cha karne nyingine kilichogeuzwa. Mwishoni, kabla ya baraka, kiongozi anataja shida zetu zote, na watu wote wanajibu kwamba wanazipeleka kwenye msalaba wa Kristo, huku wakirusha mkono kuelekea msalaba ulio nyuma ya meza. Hivyo mara tatu, kisha matumaini yote yanawekwa kwa Kristo aliyefufuka, na mikono inapanda juu. Wazee wetu wa Kianglikana, ambao walifundishwa kusali wakiwa wamekauka kama nguzo, waliona haya mwanzoni. Walinyanyua vidole viwili hivi, karibu na kifua. Mara nikaona mmoja, mkulima wa mpunga aliyekuwa na deni la maji na mtoto mahabusu, akirusha mkono wake kama anayetupa jiwe mtoni. Baada ya hapo wote wakawa wanarusha.

Mwaka 1990 dayosisi ikagawanywa, yeye akabaki na Kirinyaga. Januari 1997 akawa Askofu Mkuu, akahamia Nairobi, nasi tukaanza kumwona kwenye televisheni kama watu wengine. Tarehe 7 Julai mwaka huo polisi waliingia kathedrali ya All Saints wakifuata waliokuwa wakidai mageuzi ya katiba, wakawapiga ndani ya nyumba ya ibada na kutupa gesi ya kutoa machozi. Akaongoza ibada ya kuitakasa kathedrali. Wengine walisema ni maigizo. Mimi niliyekuwa nimemwona akichukua saa nzima kwa sura moja ya Ezekieli nilijua si mtu wa maigizo. Aliamini kabisa kwamba jengo lile limetiwa najisi na kwamba kuna utaratibu wa kufuata.

Mwaka 2002 alitimiza miaka 65 akaondoka, Benjamin Nzimbi akachukua nafasi. Miezi michache baadaye Moi naye akaondoka Ikulu. Gitari alifariki 30 Septemba 2013.

Sitaki mtu afikiri kila kitu cha wakati wake nakitamani. Kugawa dayosisi, kwa mfano, kulianza na sababu nzuri, maana hakuna askofu anayeweza kuhudumia Mwea na Marsabit kwa haki. Ila tumegawa na kugawa nchini hadi kila kilima kinataka askofu wake na gari lake. Ziara za kipaimara zimekuwa rahisi. Sauti zimekuwa ndogo. Labda ni mimi ninayezeeka.

Septemba 2021, siku Rose Okeno alipowekwa kuwa askofu wa Butere, mwanamke wa kwanza kuongoza dayosisi ya Kianglikana Kenya, Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit aliwanyima wanasiasa kipaza sauti, akatangaza kwamba hawatahutubia tena ibadani. Mwaka uliofuata ulikuwa wa uchaguzi, na amri ni rahisi kutangazwa Butere kuliko kutekelezwa kwenye parokia yenye ukumbi usio na paa. Mgombea mmoja alitujia na bahasha nene na vijana wa kumpigia makofi. Kasisi wetu, kijana mzuri, alinitazama nami nilikuwa mwenyekiti wa baraza la parokia. Nikamwendea mheshimiwa kwenye benchi, nikamsalimu, nikamwonyesha waraka wa amri ile, nikamwambia, "Karibu uketi nasi, mheshimiwa. Ibada ikiisha, watu utawakuta nje pale mtini." Aliusoma waraka wote, nampa sifa hiyo. Akaketi hadi mahubiri, kisha simu yake ikamwita, akatoka na bahasha.

Kikao cha baada ya ibada kilikuwa kirefu. Mzee mwenzangu alipiga hesabu ya mabati kwa sauti. Tuliliezeka paa kidogo kidogo, kwa mnada wa ndizi, mayai na majogoo baada ya ibada, ambao bei zake wakati mwingine hupanda hadi mtu ananunua yai kwa bei ya kuku. Upande wa jikoni bado haujakamilika, na mzee yule hunipigia simu kila mvua ikianza.